Mashine Isiyojua Kazi Nyingine

Kwako mdogo wangu,

Naanza kwa kukujulia hali, maana wewe una tabia ya kuruka salamu na kutua kwenye lawama. Magoti yanasemaje? Wifi yangu anaendeleaje na kile kifua, na ile dawa ya kunywa ameimaliza au bado anaificha nyuma ya vyombo? Wajukuu wasalimie mmoja mmoja, kuanzia mkubwa hadi anayetambaa, asiachwe mtu akaninunia. Sisi huku tunakula, tunalala na tunagombana, kwa hiyo hesabu kwamba tu wazima. Mengine yamo humu. Nimeyapanga kwa mpangilio wake, nawe uyasome kwa mpangilio huo. Usirukie ukurasa wa mwisho.

Barua yako ilinifikia na ikanichoma. Umeeleza kwamba ulifungua bahasha yangu mbele ya wifi, ukakuta karatasi tatu zilizokunjwa vizuri, nyeupe pe, hazina hata nukta. Wifi akasema basi, dada mtu amekasirika mpaka maneno yamemwishia. Wewe ukamjibu kwamba dada yako akikasirika ndipo maneno yanapomwongezeka. Nakushukuru kwa kunitetea, kama huo ni utetezi. Kisha ukaniuliza umenikosea nini, na kama hujanikosea, inakuwaje mwalimu wa taipu aliyestaafu kwa heshima zake atie karatasi tupu ndani ya bahasha, abandike stempu, aipeleke posta kwa miguu yake mwenyewe, asione.

Hujanikosea kitu. Hilo la kwanza limekwisha. La pili lina sehemu mbili, na sehemu ya kwanza ni nyepesi. Taipureta yangu ina kijiti pembeni mwa vibonye chenye alama tatu: nyeusi, nyekundu na nyeupe. Nyeusi na nyekundu ni rangi za utepe wa wino. Nyeupe maana yake utepe usinyanyuke kabisa, herufi ipige kavu. Chuoni tulikuwa tukiiweka hivyo tulipochonga stensili za mitihani, zile karatasi za nta za kutolea nakala. Inaelekea mara ya mwisho kuitumia nilichonga stensili, nikaisukuma uvunguni, nayo ikakaa na amri yake miaka yote hiyo kama askari aliyesahauliwa lindoni. Nilikuandikia kurasa tatu kwa bidii, zenye aya na vituo vyake, na kila herufi iligonga karatasi bila wino. Kama wifi hajawashia jiko karatasi hizo, zishike mlalo karibu na dirisha. Utaona maneno yamebonyea kama nyayo za kuku kwenye unga. Humo nilikuwa nikilalamika juu ya mgongo, hukukosa mengi.

Kwa nini sikuona kwamba siandiki kitu, nitafika. Mwalimu hafundishi kutoa kabla ya kujumlisha.

Kwanza nataka uelewe kwa nini jambo hili limenikosesha raha, maana watoto wangu wanadhani ni ubishi wa uzee. Simu baina yetu ilikwisha siku masikio yako yalipokwisha. Mashine za kile kiwanda cha nguo ziliyala kidogo kidogo, na wewe ukawa unasema ni watu wa siku hizi wanaonong'ona. Nikikupigia, anayepokea ni wifi. Nasema neno, analirudia kwa kukupigia kelele sikioni, unajibu jambo jingine kabisa. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za magoti ukanieleza habari za mabati. Tena kuna mambo ambayo dada hawezi kumwambia mdogo wake kwa kupitia koo la mke wa mdogo wake, hata kama koo hilo ni zuri. Kwa hiyo tumebaki na barua. Barua ikikatika, wewe na mimi tunakuwa watu wa kukutana misibani, na siku moja msiba utakuwa wa mmoja wetu.

Na barua ilikuwa inakatika. Mwandiko wangu, ule uliokuwa ukiandikwa kwenye vyeti vya chuo, umeniasi. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba mistari yangu inapandana kama watu wanaogombea dirisha la tiketi, na kwamba sentensi moja mliisoma watu watatu na kila mmoja akapata maana yake. Ukasema ni mkono unatetemeka. Watoto nao wakasema ni mkono. Binti yangu muuguzi akaniletea mpira wa kuminya asubuhi na jioni, nikauminya mpaka ukachoka kabla yangu. Mwanangu akaniondolea birika la maji ya moto. Nikaacha iwe mkono.

Ungeniuliza, basi si usogeze hicho kijiti kwenye nyeusi na kazi iendelee? Ningependa. Lakini unajua ninavyoishi. Tangu marehemu shemeji yako atutoke na nyumba ikapangishwa, nakaa miezi kadhaa hapa kwa mwanangu, kisha miezi kadhaa kwa binti yangu kule ghorofa ya tatu, kisha narudishwa. Wananipenda, sikatai. Ila mtu anayependwa kwa zamu hujifunza kumiliki vitu vyepesi. Taipureta ile ni chuma kitupu. Mara ya mwisho mwanangu alipoipandisha zile ngazi alikaa siku nzima ameshika kiuno, akaapa kwamba haitapanda tena akiwa hai. Nikiipiga hapa, mpangaji wa chumba cha pili anagonga ukuta. Akigonga, mkwe wangu, mke wa mwanangu, naye anamgongea, na mimi nabaki katikati ya vita nisivyovitangaza.

Kwa hiyo nilichotaka ni kitu kidogo. Kiingie kwenye begi pamoja na nguo zangu. Kiwe na vibonye vya kweli vinavyoshuka na kupanda. Kisitake kufundishwa wala kunifundisha. Kiandike, basi. Kisu ni cha kukata, ufagio ni wa kufagia, na hakuna anayeuuliza ufagio saa ngapi. Sikuona kama nimeomba mwezi.

Kuhusu vibonye nikueleze vizuri, maana hapa ndipo kila mtu alipopotea. Unakumbuka nilivyokuwa nikifundisha. Kila mwanafunzi nilimvisha kitambaa shingoni, kikashuka mpaka mezani kikafunika mikono na vibonye pamoja. Mimi nikapita nyuma yao nikisema usitazame, usitazame, mpaka wakanibatiza Bi Usitazame, jina ambalo nasikia lilinifuata hadi benki na mahakamani walikoajiriwa. Siri yote iko katika safu ya kati. Pale kuna vibonye viwili vyenye kipele, kimoja kwa kila kidole cha shahada. Ukivipata hivyo viwili umepata mlango wa nyumba. Vyumba vingine utavifikia hata usingizini. Mtu aliyefundishwa hivyo haandiki kwa macho. Macho yake yako huru kutazama mahali pengine, au kutotazama popote.

Wa kwanza kunisaidia alikuwa mwanangu. Alinipa simu yake ya zamani, ile ya kioo, akanionyesha pale pa kuandikia. Nikaweka vidole. Kioo hakina kipele, mdogo wangu. Kioo hakina kitu. Ni sawa na kumpa mpiga ngoma picha ya ngoma. Kila kidole kilipogusa kilitokea kitu ambacho sikukiomba: mara picha, mara sauti, mara nikampigia msimamizi wake wa kazini, mtu nisiyemjua, ikabidi nimsalimie na kumuuliza hali ya nyumbani kwake. Halafu simu yenyewe ina kiherehere. Nikiandika neno la Kiswahili inaligeuza la Kiingereza bila kuniomba ruhusa. Niliandika msalimie wifi, ikanijibu kwamba hakuna mtandao karibu. Nikamwambia mwanangu kwamba mimi nimefundisha watu kusahihisha kazi zao kwa miaka mingi, na sijawahi kumsahihisha mtu kabla hajamaliza sentensi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Watoto wangu wana imani kwamba kitu kisipofaa kikiwa kidogo, kitafaa kikiwa kikubwa. Binti yangu akaleta kile kioo kipana kama sinia, akakisimamisha mbele yangu, akaniongezea ukubwa wa herufi. Nikaeleza tena habari ya vipele. Akanijibu kwa upole, ule upole wanaoutumia wauguzi kwa wagonjwa wanaokataa sindano, kwamba siku hizi vidole vinazoea. Nikamuuliza vitazoea nini wakati hakuna kitu pale. Akasema nitazame tu herufi. Nikasema mimi ndiye Bi Usitazame. Akaguna, akanipima presha ya damu.

Baadaye wakagundua kwamba siku hizi unaweza kusema na mashine ikaandika yenyewe. Mwanangu alifurahi sana kwa hilo, akawa kama amenifungua minyororo. Akanikalisha sebuleni, akaniambia niseme barua yangu. Nikaanza, mdogo wangu mpendwa, natumaini u mzima. Mkwe wangu akapiga kelele kutoka jikoni kuuliza nani amefungulia tangi la maji likamwagika. Mwanangu alipokuja kunisomea barua yangu, ilisema natumaini u mzima nani amefungulia tangi. Tukacheka wote, nami nikacheka kweli. Lakini baada ya kicheko nilikaa nikafikiri. Nyumba hii ina kuta nyembamba. Nikinena barua yangu kwa sauti, kila aliyeko ndani anaisikia kabla yako. Barua ni mahali ambapo mtu anaongea bila kusikiwa. Ukiondoa hilo, bora nikapande juu ya paa nikutangazie. Nikasema hapana. Mwanangu akauliza ni siri gani hiyo mtu wa umri wangu anayo. Nikamwambia akafunge kwanza tangi.

Tukaenda dukani. Muuzaji alinisemesha kwa sauti ya juu, neno moja moja, mpaka nikamweleza kwamba kiziwi ni mdogo wangu, mimi niko sawa. Nikamwambia nataka mashine ndogo ya kuandikia na isiyofanya kazi nyingine. Akamtazama mwanangu, wakapeana tabasamu lile la watu wazima mbele ya mtoto. Akasema, mama, hiyo ni kama kuomba gari lisilo na magurudumu. Nikamjibu kwamba ni kama kuomba baiskeli kwenye duka la ndege, na kama hana baiskeli aseme hana, asinicheke miguu. Akasema hana. Akaanza kunisifia mashine inayopiga picha, inayoonyesha sinema, inayohesabu hatua ninazotembea. Nikasema hatua zangu nazijua, ni chache na zinauma.

Mwishowe binti yangu akaniazima kompyuta yake ya kukunja. Nikaifungua kwa matumaini, maana ile ina vibonye, na vipele viwili nikavikuta mahali pake. Nikakuandikia kwa raha. Niliandika kurasa mbili nzima, mdogo wangu, na vidole vilikuwa vimeamka, vinakimbia kama zamani. Jioni nikamwomba mwanangu aichape. Akafungua. Kulikuwa na mistari miwili tu. Ikaja kujulikana kwamba nilipokuwa bado mwanzoni, mashine ilinifungulia kijidirisha cha kuniuliza kama nataka iongezewe kitu fulani kipya sasa au baadaye. Mimi sikukiona, nikaendelea kuandika. Maneno yangu yote yakaingia kwenye lile swali, nayo ikayameza moja moja ikisubiri nijibu ndiyo au hapana. Habari zangu zote nilizisimulia kwa mashine iliyokuwa inangoja neno moja.

Siku hiyo nilivunjika moyo. Ilikuwa Jumapili, tumemaliza kula, na mwanangu naye alikuwa amechoka. Alisema ametumia wiki nyingi kwa jambo hili, dada yake ametumia wiki nyingi, na kila wanacholeta mimi nakitia kasoro. Akasema, "Mama, hatujui tena unataka nini. Sema tu kwamba hutaki kusaidiwa." Nikamwambia nilichosema tangu siku ya kwanza, kitu cha kuandikia tu. Akasema kitu hicho hakipo duniani. Mkwe wangu akachangia kwamba kama ni yeye angenunua kalamu na kumtafuta mtu wa kumwandikia. Nikasema basi, nitarudi kwenye kalamu yangu. Mwanangu akasema kalamu yako hakuna anayeisoma. Alilisema bila ubaya, kama mtu anayesema mvua inanyesha. Nikainuka nikaenda chumbani, nikajikwaa kwenye kiti, na wote wakasema pole kwa pamoja.

Sasa nikuambie kidogo habari za mkwe wangu huyu. Sijawahi kukuandikia mengi juu yake kwa sababu nikianza karatasi haitatosha. Anaongea kama bomba lililopasuka. Anaweka sufuria jikoni kana kwamba sufuria imemtukana. Ni karani wa stoo katika shule moja, na naamini hata madaftari huko yanakaa kwa heshima anapopita. Kesho yake alirudi kutoka kazini, akaingia chumbani kwangu bila kubisha, kama kawaida yake, akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo si kawaida yake. Akaniwekea kitu mapajani.

Nikakipapasa. Kilikuwa cha plastiki, chepesi, upana wake kama wa trei ndogo ya chai. Vibonye vya kweli, kila kimoja kina kibonde chake katikati. Vidole vyangu vya shahada vikaenda vyenyewe, vikakuta vipele viwili vikinisubiri. Juu yake kuna kidirisha chembamba cha kuonyesha mistari michache, na herufi zake zinaweza kukuzwa mpaka mistari ikabaki miwili, nyeusi, mikubwa kama ya bango. Akanieleza kwamba zamani shule ilipewa mashine hizo kwa ajili ya wanafunzi, wanafunzi wakazikataa kwa sababu hazina michezo, hazina picha na haziimbi. Zinaandika tu. Zimekaa stoo zikila vumbi, na mkuu wa shule amemruhusu achukue moja. Inatumia betri za tochi. Ukiizima na kuiwasha, iko palepale ulipoachia. Haiulizi swali lolote. Ukitaka kuchapa, unaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta ya ofisini, nayo inamwaga maneno yako moja moja kana kwamba kuna mzimu unaopiga taipu.

Nikamuuliza amejuaje kwamba ninachokitaka ni hiki hasa, wakati watoto niliowazaa wamehangaika wasielewe. Akakaa kitandani. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe nikasikia anatafuta maneno.

"Mama," akasema, "wao wanatazama mkono wako. Mimi nakuona unavyomimina chai, unatia kidole ndani ya kikombe ujue imefika wapi. Juzi ulilisalimia koti pale mlangoni, ukaliuliza limeamkaje. Tangu lini huoni?"

Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya swali lako, mdogo wangu. Sikuziona karatasi tupu kwa sababu macho yangu yanaondoka. Mkono wangu hauna tatizo. Mistari inapandana kwa kuwa siuoni mstari wa juu ninapoandika wa chini. Nilikwenda kwa daktari wa macho peke yangu, nikawaambia nyumbani kwamba namtembelea mwanafunzi wangu wa zamani. Akanieleza kwamba kuna presha ndani ya jicho, kwamba imekula pembeni kwanza na sasa inaelekea katikati. Fikiria mtu amesimama dirishani anavuta pazia kutoka pande zote mbili, polepole, na wewe unaendelea kutazama ule mwanya uliobaki. Matone anayonipa yatamchelewesha huyo mvuta pazia. Hayatamfanya arudi nyuma. Kilichokwenda hakirudi, alisema hivyo wazi, nami nilimheshimu kwa hilo.

Utauliza kwa nini sikuwaambia wanangu. Kwa mkono tu wamenikataza birika. Kwa macho wangenikataza mlango. Nawajua, wangefanya kwa mapenzi, na hakuna kufuli gumu kama la mapenzi. Nilitaka kwanza nipate kitu changu cha kuandikia, nikizoee wakati bado naona, ili siku pazia litakapofungwa vidole viwe vimekwishahamia humo na vyombo vyao. Hiyo ndiyo sababu sikuhitaji kioo, hata kiwe kikubwa kama mlango. Na sikuweza kuwaeleza sababu bila kuwaeleza yote, kwa hiyo nikawa mzee mbishi. Ubishi ni nguo nzuri, inafunika mengi.

Mkwe wangu nilimwambia yote. Sikuwa na njia. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Usidhani amegeuka malaika. Aliniambia kwamba nimefanya upumbavu, kwamba ningeweza kuanguka kule barabarani nikienda posta, kwamba yeye si mtu wa kumficha mumewe jambo. Tukabishana kwa kunong'ona, yeye ambaye hajui kunong'ona. Mwisho tukaafikiana: atanyamaza mpaka nihamie kwa binti yangu mwezi ujao, na huko nimwambie muuguzi huyo kwa mdomo wangu, naye kaka yake atajua siku hiyohiyo. Nisiposema, atasema yeye, na ataanza na habari ya koti. Nimekubali. Naogopa, lakini nimekubali.

Barua hii nimeiandika kwa mashine hiyo, nikiwa nimekaa kitandani, mlango umefungwa, na aya hizi za mwisho nimeziandika nikiwa nimefumba macho kwa makusudi, ili kujaribu. Mkwe alijitolea kuipitia na kunisahihishia. Nimekataa. Makosa utakayoyakuta ni yangu na nayataka yabaki. Ameahidi kwamba akiichapa kule ofisini atatazama pembeni. Na wewe mkwe wangu, kama umefika hapa, basi umevunja ahadi, na yale ya sufuria umeyasoma. Ni kweli. Asante kwa mashine.

Sasa nina ombi, mdogo wangu. Barua yako ijayo iandike mwenyewe, kwa kalamu nene ya wino mweusi, ile ya kuandikia juu ya maboksi. Herufi kubwa. Ruka mstari. Nitaisoma mwenyewe pale dirishani, neno kwa neno, hata nikishinda nayo kutwa. Daktari hakunipa tarehe, kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba nyingine nitaiwahi. Zitakazofuata zitasomwa kwa sauti na mwingine, mkwe wangu nikiwa huku, binti yangu nikiwa kule, na mimi nitakuwa nakusikia kwa sauti yao. Nitazoea, lakini tutakuwa watatu.

Kwa hiyo hii usiimalizie kwenye habari za mvua. Kama kuna neno umekuwa ukinitunzia, la hasira au la heri, la kusomwa na mimi peke yangu, liandike sasa.

Mshike wifi mkono kwa niaba yangu, mwambie sijanuna na sikuwahi kununa, na asimwambie mtu wa upande huu mpaka mwezi ujao uishe. Wajukuu wape salamu zao zilizobaki. Mungu akulindie hayo macho.

Ni mimi niliyekutangulia kuzaliwa,
Dada yako.